Zaitun na Swichi Ishirini na Nne

Kwa miaka kumi na saba Zaitun binti Kombo aliketi kwenye kidirisha kilichotazama geti la kiwanda cha sabuni cha Mzee Salad, huko Industrial Area, akiwa na daftari kubwa la jalada jeusi, kalamu mbili, na masikio yake. Kalamu zilikuwa za kuandikia waliofika kazini. Masikio ndiyo yaliyofanya kazi yenyewe. Wafanyakazi mia mbili na kumi na wawili walipita mbele yake kila asubuhi, na wengi wao hakuhitaji hata kuwainulia macho. Wanjiru wa kupakia alimjua kwa kikohozi, Wanjiru wa jikoni kwa mburuzo wa viatu, na Wanjiru wa tatu kwa sababu hakuna siku aliyofika kabla ya mtu mwingine.

Alikuwa mzaliwa wa Majengo, Pumwani, katika nyumba ya babu yake yenye vyumba sita na ua mmoja. Mumewe alifariki mapema akamwachia binti, Lela, aliyekwisha kuolewa Mombasa. Kwa hiyo mtaani na kiwandani akaitwa Mama Lela, na nyumbani aliishi na dada yake Muhiba, ambaye kazi yake ilikuwa kusimamia mapishi ya harusi. Kila asubuhi Zaitun alijifunga leso juu ya gauni la kazi, akapita Shauri Moyo, akavuka Jogoo Road na reli, akafika kidirishani kabla ya king'ora. Hakuwahi kukosa kazi isipokuwa mara mbili, na mara zote mbili alituma daftari.

Mwaka wa themanini na sita kiwanda kikapata kompyuta.

Aliyeileta ni meneja, Bwana Naftaly, mtu aliyehudhuria semina ya siku mbili hotelini akarudi na mkoba mpya na msamiati mpya. Ghala la glavu lilihamishwa ili mgeni apate chumba. Glavu zenyewe hazikusumbua kuhama, maana zilikuwa zimekwisha tangu Idi ya mwaka uliotangulia. Chumba kikatandikwa zulia, kikatiwa kiyoyozi na pazia la bluu, na mlangoni pakabandikwa tangazo: VUA VIATU. Boila ilikuwa ikivuja mwaka wa tatu huo bila kupata hata kipande cha mpira cha kuziba. Kompyuta ilipata shuka la kujifunikia Jumapili.

"Hii programu," Bwana Naftaly aliwaambia wafanyakazi waliokusanywa uani, "imetengenezwa ng'ambo, na inaweza kufaa kiwanda chochote duniani. Ina machaguo ishirini na nne. Kila chaguo unaliambia Ndiyo au Hapana. Unaipanga upendavyo!"

Wafanyakazi walipiga makofi kwa sababu saa ya chai ilikuwa imefika. Machaguo yenyewe waliyaita swichi, na jina likashika mpaka ofisini. Kulikuwa na swichi ya kufupisha majina yabaki herufi tano ili yaenee kwenye kadi ya geti. Kulikuwa na swichi ya kufuta jina lililoandikwa mara mbili. Kulikuwa na ya kuondoa sifuri mwanzoni mwa namba, ya kutenga wageni na wenyeji, ya kupanga zamu, ya likizo, hata ya kuwapongeza watu siku zao za kuzaliwa, katika kiwanda ambacho nusu ya watu wake walizaliwa "wakati wa mvua kubwa".

Kampuni iliyouza programu ilimtuma mtaalamu wake, Tobias, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye tai nyembamba. Alikaa Huruma, mtaa wa watu maskini, lakini ukimwuliza alisema anakaa upande wa Juja Road. Alikuwa mwerevu kweli, na mchapakazi, na kasoro yake ilikuwa moja tu: hakuna aliyethubutu kumwambia "sijaelewa" mara mbili.

Tobias alijaribu swichi moja kila siku. Asubuhi aliiwasha, akatazama inavyofanya kazi, mchana akaizima, akaweka alama ya vema kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Siku ya kufupisha majina, majina yalifupika vizuri. Siku ya kufuta waliorudiwa, aliandika jina la Simiyu, askari wa geti, mara mbili, na mashine ikamfuta Simiyu mmoja ikambakiza mwingine. Simiyu alipopewa habari hizo aliuliza ni yupi kati yao anayestahili kwenda chakula cha mchana. Siku ishirini na nne, vema ishirini na nne. Bwana Naftaly akaipigia karatasi fremu.

Zaitun alikuwa ameambiwa amsomee Tobias majina kutoka daftarini, kwa hiyo alikuwepo siku zote hizo, miguu mitupu juu ya zulia, leso mabegani kwa ajili ya baridi ya kiyoyozi. Siku ya mwisho akauliza.

"Mwanangu, hii ya kufupisha majina na hii ya kufuta waliorudiwa. Umeziwasha pamoja?"

"Namba sita iko sawa, mama. Namba kumi na moja iko sawa." Tobias alionyesha zile vema.

"Nimeziona. Nauliza pamoja."

"Kama hii ni nzima na hii ni nzima, Mama Lela, pamoja zitakuwa nini?"

"Hilo ndilo ninalokuuliza. Dada yangu ana wapishi wawili, Fadumo na Halimo. Ukimpa Fadumo sufuria peke yake, watu wanalamba vidole. Halimo vivyo hivyo. Waweke jiko moja, kila mmoja atatia chumvi akidhani mwenzake hajatia."

Tobias alicheka, kwa adabu. "Kompyuta haina chumvi, mama."

Bwana Naftaly ndiye aliyemaliza mjadala. Tobias alitaka kuwasha swichi kama kumi hivi zilizohitajika. Meneja akashika kiuno. "Nimelipia ngapi?"

"Ishirini na nne, bosi."

"Basi nataka kuona zote ishirini na nne zikifanya kazi. Huwezi kununua kanzu ukavaa mkono mmoja."

Zikawashwa zote. Siku ya uzinduzi ilipangwa Jumatatu, na Mzee Salad mwenyewe, mwenye kiwanda, akaalikwa pamoja na wafanyabiashara wenzake wa Eastleigh. Daftari la Zaitun likafungiwa kabatini, na Bwana Naftaly akaweka ufunguo mfukoni mwake ili, kama alivyosema, mtu asije akarudi nyuma.

Jumatatu saa moja kasoro robo, mashine ilichapa orodha ya watu wa kuingia. Simiyu alikabidhiwa pamoja na amri: jina likishaingia, lipigwe mstari, asiyekuwa na jina asiingie, hata akiwa nani. Simiyu alikuwa amewahi kuwa jeshini. Amri kwake ilikuwa kama chuma kwenye saruji.

Wa kwanza kufika alikuwa Wanjiru wa kupakia. Simiyu akatafuta, akaona WANJI, akapiga mstari, akamfungulia. Akaja Wanjiru wa jikoni.

"WANJI ameshaingia," Simiyu alisema.

"Ameingia nani? Mimi niko hapa!"

"Karatasi inasema ameingia."

Akaja Wanjiku wa mizani, akaja Wanjiku wa chumba cha manukato, wakaja Wanjiru wengine na Wanjiku wengine mpaka wakatimia kumi na wanane nje ya geti, wote wakiwa ni mtu mmoja aliyekwisha kuingia. Akaja Abdurahim wa stoo, akaingia kama ABDUR. Dakika mbili baadaye akafika Abdurahman, fundi wa boila, mtu pekee aliyejua kuiwasha bila kulipuka.

"ABDUR yuko ndani," Simiyu akasema, sasa jasho likimtoka.

"Simiyu, tumekunywa chai pamoja jana!"

"Jana hakukuwa na kompyuta."

Zaitun alikuwa kidirishani pake bila daftari, mikono haina kazi. Alitoka akaenda getini. "Simiyu, huyu ni Abdurahman. Mfungulie, boila itapoa."

"Mama Lela, mimi ninamjua. Karatasi ndiyo haimjui." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi, lakini mkono haukuondoka kwenye komeo.

Mzee Salad alifika saa tatu na magari mawili ya wageni. Nje alikuta umati wa watu themanini na mmoja. Ndani alikuta watu mia moja na thelathini na mmoja wakizunguka mitambo baridi, na Abdurahim wa stoo amesimama mbele ya boila na karatasi iliyomwambia kuwa leo yuko stoo, yuko kwenye boila, na wakati huohuo yuko likizo ya ugonjwa. Bwana Naftaly alisoma hotuba yake yote. Ilikuwa na kurasa nne na neno "usahihi" lilikuwemo mara tisa. Kelele za nje zilipozidi, aliwaeleza wageni kwamba ni furaha ya wafanyakazi.

Siku hiyo haikutoka hata kipande kimoja cha sabuni.

Jumanne, waraka ukabandikwa. Bwana Naftaly alikuwa amechunguza na kugundua kosa lilipo: majina ya watu. Programu ilitengenezwa nchi za watu wenye majina mafupi, watu wanaoitwa Smith na Jones, na kiwanda hakina budi kwenda na wakati. Kwa hiyo wafanyakazi wote wanaofanana herufi tano za mwanzo waliombwa kuchukua majina mengine kabla ya Ijumaa.

Abdurahman aliusoma mara mbili, akamgeukia Zaitun. "Mama Lela, nichinje mbuzi mwingine wa akika, au yule wa kwanza bado anahesabika?"

Zaitun alicheka, lakini moyoni aliungua. Majina yale alikuwa ameyaandika kwa mkono wake, mengine tangu wenyewe wakiwa vibarua wa siku moja moja. Aliona ni kama mtu ameingia nyumbani mwake akahamisha wana wake vitanda. Alijifunga leso upya, akauchomoa ule waraka ukutani, akaenda nao moja kwa moja kwa Mzee Salad, jambo ambalo karani wa geti hakuwahi kulifanya.

Mzee Salad alikuwa amekaa nyuma ya meza akinywa chai ya maziwa ya ngamia kutoka kwenye chupa aliyotoka nayo nyumbani. Aliusoma waraka wote.

"Dada Zaitun, nimeambiwa uliuliza swali kabla ya siku ile."

"Niliuliza, mzee."

"Ulijibiwa nini?"

"Kwamba kompyuta haina chumvi."

Tobias na Bwana Naftaly wakaitwa. Mzee akauliza swali moja tu: kwa nini swichi hizi hazikujaribiwa pamoja?

Tobias alikuwa na kikokotoo mfukoni, akakitoa kama mtu anayetoa kitambulisho. "Mzee, swichi ishirini na nne, kila moja Ndiyo au Hapana. Njia za kuzipanga zote ni milioni kumi na sita na ushee. Kila jaribio ni dakika kumi. Tukifanya bila kulala, itatuchukua miaka mia tatu na kumi na tisa."

"Unaona, mzee?" Bwana Naftaly akasema, kama kwamba miaka hiyo ilikuwa imemwokoa yeye binafsi.

"Sikusema zote," Zaitun akasema taratibu. "Jana ziligombana mbili. Ugomvi mwingi nilioushuhudia mimi ni wa wawili. Watatu huwa nadra, na wanne ni vita. Nataka kila swichi ikutane na kila mwenzake, mbili mbili. Zote mbili zimewaka, moja imewaka nyingine imezimwa, nyingine imewaka hii imezimwa, na zote zimezimwa. Basi."

Tobias akabonyeza. "Jozi mia mbili sabini na sita. Mara nne. Ni majaribio elfu moja mia moja na nne. Bado ni siku nyingi sana, mama."

"Ungekuwa unazijaribu jozi moja moja, sawa. Lakini ukizipanga swichi zote mara moja, hizi Ndiyo, hizi Hapana, si umeshajaribu jozi zote mia mbili sabini na sita kwa mpigo mmoja? Kila jozi katika hali yake mojawapo. Ukipanga upya, unapata nyingine mpya. Kazi ni kupanga vizuri usirudie ulichokiona."

Kikokotoo kilibaki mkononi mwa Tobias bila kubonyezwa. Mzee Salad alimtazama, akamtazama Zaitun, akatia kifuniko kwenye chupa yake.

"Mpeni ufunguo wa kabati, achukue daftari lake. Na majaribio yafanywe anavyotaka yeye."

Jumamosi mchana Zaitun alikaa uani Majengo na kitabu cha mazoezi cha mistari miraba, akachora safu ishirini na nne. Hakuwa amesoma hesabu zaidi ya darasa la nane, lakini miaka kumi na saba alikuwa akipanga zamu za watu wasiopatana, na mkono wake ulijua mambo ambayo kichwa kilikuwa bado kinayatafutia maneno. Aliandika mstari wa kwanza, Ndiyo zote. Mstari wa pili, Hapana zote. Kuanzia wa tatu ndipo kazi ikaanza. Muhiba alikuwa anachambua mchele kwa ajili ya harusi ya Jumapili. Akawa anaulizwa kila mara.

"Ya tisa na ya kumi na nne zimeshakutana, hii imewaka, hii imezimwa?"

"Mimi nitajuaje? Mimi najua mchele." Lakini aliinama akatazama, akaweka kidole chenye vumbi la mchele kwenye karatasi. "Hapa. Mstari wa tano. Hizi mbili zinafuatana tu kama kumbikumbi, hazijaachana hata mara moja."

Adhana ya magharibi ilipolia alikuwa amefunga kitabu. Mistari kumi na miwili. Alikagua mara tatu, na kila jozi ilikuwa imepita hali zake zote nne. Hakujua kama mwerevu zaidi angeweza kupunguza ikawa kumi au minane. Alijua tu kwamba kumi na miwili ni pungufu ya miaka mia tatu na kumi na tisa.

Jumatatu wakaanza, yeye na Tobias. Tobias alipanga swichi kama mstari ulivyosema, mashine ikachapa, Zaitun akafungua daftari na kulinganisha jina kwa jina, mia mbili na kumi na wawili. Jaribio la kwanza lilionyesha lile kosa la majina, wakalijua, ingawa orodha ilivurugika mno kiasi kwamba kosa jingine lisingeonekana ndani yake. La pili likapita. La tatu likapita, na Bwana Naftaly akaanza kuchungulia mlangoni, viatu mkononi, akiuliza kama mchezo huu una mwisho.

La nne, kidole cha Zaitun kikasimama.

"Tobias, mwanangu. Soma hapa."

Ile swichi ya kuondoa sifuri ilikuwa imeigeuza namba 007 kuwa 7. Na ile ya kutenga wageni, ambayo iliamini kuwa mwenyeji ana namba ya tarakimu tatu, ilimwona mwenye tarakimu moja na kumhesabu mgeni. Watu wote wa namba za mwanzo, wale wakongwe wa kiwanda, walikuwa wageni. Na kanuni ya wageni ilikuwa wazi: ikifika saa kumi jioni mgeni aondolewe getini, na akirudi kwa siku tatu mfululizo bila mwaliko, asiruhusiwe tena.

"Namba saba ni ya nani?" Tobias akauliza.

Zaitun hakuhitaji daftari. Alimtazama Bwana Naftaly aliyesimama mlangoni na viatu vyake.

Halafu Bwana Naftaly akaingia, akakaa kwenye zulia kabisa, akasema kwa sauti ndogo, "Rekebisheni hiyo kwanza."

Kuanzia hapo hakuna aliyeuliza mchezo una mwisho gani. Meneja mwenyewe alileta chai. Majaribio yote kumi na mawili yaliibua ugomvi wa jozi tano: mbili wangeweza kuishi nao, tatu kampuni ya Tobias ikalazimika kuzitengeneza. Swichi kumi zilizohitajika zikaachwa zimewaka, nyingine zikazimwa, ikiwemo ya siku za kuzaliwa. Mwezi uliofuata kadi za geti zikatolewa upya, na kila Wanjiru akaingia kazini kwa miguu yake mwenyewe. Boila nayo ikapata mpira wake, kwa kuwa Mzee Salad alikuwa ameiona siku ya uzinduzi ikiwa baridi, akauliza mbona inalia machozi.

Tobias aliandika ripoti nzuri. Kampuni yake ilifurahi, ikamtuma kwenye semina hotelini, naye akazungumza kwa nusu saa juu ya "utaratibu wa jedwali" alioubuni akiwa kazini Industrial Area. Zaitun alipata habari kwa Bwana Naftaly, aliyekuwepo na kurudi na mkoba wa pili. Jioni hiyo alimwambia Muhiba tu kwamba kichwa kinamuuma, akaenda kulala bila kula.

Miezi minne baadaye, siku ya Jumapili mchana, Tobias alibisha hodi Majengo. Tai ilikuwa imelegea. Muhiba alimkaribisha uani, akampa kigoda na mahamri, akabaki hapohapo na ungo wake.

"Shikamoo, Mama Lela."

"Marahaba."

Alikuwa na kiwanda kingine, cha mablanketi. Programu mpya, swichi thelathini na moja. Alikuwa ametumia lile jedwali la mistari kumi na miwili, na kiwanda kikafunguliwa, na siku ya pili watu wa zamu ya usiku wote wakaandikwa kuwa wamestaafu.

"Jedwali langu lilikuwa na safu ishirini na nne," Zaitun alisema. "Zile saba za juu uliziwekaje?"

Tobias alitazama mahamri. "Niliziacha Ndiyo. Mistari yote."

"Kwa nini?"

"Sikujua zinapangwaje." Akaweka mahamri chini. "Sijaelewa ulivyofanya, mama. Ile siku nilinakili tu."

Muhiba aliacha kupepeta. Zaitun alisogeza kigoda chake karibu na cha kijana.

"Na kule hotelini, uliwaambia ni la nani?"

"Langu."

"Basi andika barua kwa kampuni yako, hapa hapa, mbele ya dada yangu. Sema ni la nani. Halafu tutaanza."

Tobias aliandika. Kiingereza chake kilikuwa kizuri. Zaitun aliisoma, akamsahihisha herufi moja katika jina la Kombo, baba yake, akaikunja na kuiweka kwenye leso. Kesho yake aliipeleka mwenyewe hadi mezani kwa mkurugenzi wa kampuni ile, na kabla ya mwaka kwisha akawa anaitwa huko siku mbili kila juma, kwa barua ya ajira yenye jina lake zima, huku Mzee Salad akinung'unika kwamba wameibiwa karani.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumapili ile alileta kitabu kipya cha mistari miraba, akamsogezea Tobias pamoja na penseli.

"Chora safu thelathini na moja," akamwambia. "Wewe ndiye utakayechora. Mimi nitakaa hapa nikuulize."

Kijana akalegeza tai zaidi, akainama, akaanza kuchora.